Sehemu ya Pili ya Kachero Nandonde

Mikindani,
9 Juni 2024

Mpwa wangu Riziki,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa mlangoni ungeanza na shikamoo kabla hata ya kuvua viatu. Huku tumeamka salama. Mvua zimekata, mikorosho imeanza kuchipua, na huko vijijini hakuna anayeongea kingine isipokuwa salfa ya kuipulizia: imefika, haijafika, ya kwetu kachukua nani. Kaburi la mama yako nimelipalilia Ijumaa, nimeng'oa na ile miiba, sasa linaonekana tangu barabarani. Paka wako alikufa mwaka jana, nikasahau kukwambia.

Sasa jambo lenyewe. Imekuja! Sehemu ya pili! Mohsin ameikuta Dar kwa mtu wa mizigo, akainakili kwenye fleshi, akarudi nayo ameifunga kwenye leso na leso ameitia mfuko wa ndani. Ni yule yule jasusi wetu wa Kifaransa, na pua yake ile ile, ila picha ya kwenye kava inaonesha ana mvi. Miaka kumi na minane tangu filamu ya kwanza, Riziki! Mohsin alipoitangaza dukani, mimi ndiye niliyepata taabu. Sipiti sokoni. "Mzee Zuberi, Kachero Nandonde anarudi lini?" Saidi muuza pweza ananiuliza asubuhi na jioni kana kwamba nina deni lake. Watu wa Msimbati wameuliza. Wa Kilambo wametuma salamu kwamba hata wale wa ng'ambo ya Ruvuma watavuka, kama walivyovuka mara ile.

Unaijua kawaida yangu. Tangu Mohsin aniachie ghala lake kuwa banda la video, sijawahi kuitazama filamu kabla ya watu. Nashika maiki, picha inaanza, nawasemea kwa Kiswahili. Nikishaijua mwisho wake ulimi unakuwa mzito, natafsiri kama karani. Kwa hiyo hii sijaigusa. Nataka wewe uitazame huko uliko, kwenye watu wanaokisema Kifaransa chenyewe, uniambie jambo moja tu: inaifikia ya kwanza? Usinisimulie mwisho. Maana sehemu ya pili ikiwa mbovu, watu wanaanza kuitilia shaka hata ya kwanza, na mimi Nandonde wangu simtoi aaibike.

Simu yangu imekufa upande wa kusemea, basi usipige. Andika. Anold wa Chuno, yule dereva wa lori, ana mzigo wa Bujumbura na atanirudishia jibu.

Ni mimi mjomba wako,
Zuberi, mtafsiri aliyebaki


Bujumbura,
4 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua imefika na doa la grisi, imekaa siku tisa mpakani na Anold. Mimi mzima. Huku petroli hakuna, naenda shuleni kwa miguu saa nzima, nimekonda hata mama mwenye nyumba ameanza kunionea huruma, na yule hana huruma. Wanafunzi wangu wa Kiswahili wanasema nikiongea naimba. Nimewaambia hivyo ndivyo tunavyoongea kwetu, wao ndio wanaoongea kama wanakula. Asante kwa kaburi la mama. Lakini paka, mjomba! Mwaka mzima namsalimia maiti kwenye barua na wewe umekaa kimya!

Filamu ipo. Mwalimu mwenzangu Neema anayo. Sijaitazama, nasahihisha mitihani.

Ila hebu tuongee kidogo. Ile ya kwanza niliitazama mwaka jana hapa hapa, kwa Kifaransa chake, na tangu siku hiyo natafuta namna ya kukwambia. Ule mkoba wanaogombania uwanja wa ndege hauna salfa ya ruzuku. Una ramani za manowari. Yule mkuu wa Nandonde hagombi kuhusu karani wa mizani aliyewapunja watu wa Newala. Anagomba kwa sababu Nandonde kaegesha gari vibaya. Hata jina si Nandonde, lakini hilo nililitegemea.

Na yule mwanamke kwenye treni. Unakumbuka ulivyomsemea? "Nitunzie mwanangu, mwambie sikuondoka kwa kupenda." Nilikuwa na miaka kumi, mama ana miezi miwili kaburini, nimekaa mkeka wa mbele. Mjomba, yule mwanamke anasema amesahau jibini kwenye jiko. Nilicheka mpaka Neema akaniuliza nina nini, halafu nikalia mpaka akaacha kuniuliza.

Kwa hiyo niambie, Kifaransa ulijifunza wapi?

Na la mwisho. Nimempigia Mohsin mara nne akupe simu yake niongee na wewe. Mara uko shamba. Mara umelala. Mara umeingia msikitini, saa nne asubuhi! Mara ya nne nikamsikia anapenga kamasi tu. Simu yako haijafa. Kuna nini huko?

Mwanao,
Riziki


Mikindani,
27 Julai 2024

Riziki mwanangu,

Marahaba. Mohsin hawezi kutunza siri hata ya bei ya sukari, basi nakwambia mwenyewe kabla hajakwambia yeye vibaya.

Ilianza mwezi wa Ramadhani, nilipokuwa napita kuwaamsha watu daku. Mkwaruzo tu. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikatafuna kila jani nililoelekezwa. Baada ya Idi ukawa hauondoki, na sauti ikawa inakatika katikati ya neno. Hospitali ya Mtwara wakanitazama, wakaniandikia Dar. Dar wakanipitisha kamera kooni. Ni uvimbe, na ni ule mbaya. Daktari ni binti wa umri wako, ana adabu, alivuta kiti akakaa ndipo akasema. Wanataka kulitoa lote lile dude la sauti. Nitapumua kwa tundu la shingoni. Nitaishi, Mungu akipenda, lakini sitasema tena. Wakinikata mwezi wa tisa, wanaweza kuuwahi. Nikichelewa, hakuahidi kitu.

Ndiyo maana sipokei simu. Sauti iliyobaki naitunza. Ni ya kukwaruza lakini kwa maiki inatosha, nimeijaribu chooni nikajitisha mwenyewe.

Sikiliza sasa. Nataka Novemba. Novemba korosho imeshaenda ghalani, watu wana nafasi, wa Msimbati wanakuja, wa Kilambo wanakuja. Nataka saa moja na dakika arobaini mbele yao, Nandonde arudi, kisha wanikate watakavyo. Najua Novemba inaweza kuwa nimechelewa. Daktari kaniambia, Mohsin kaniambia, na imamu naye kaniambia. Nimechoka kuambiwa.

Lakini sitaki kuitupa roho yangu kwa filamu mbovu. Hapo ndipo unapoingia wewe. Nimeapa mbele ya Mohsin: neno lako ndilo la mwisho. Ukisema inaifikia ya kwanza, nasubiri Novemba. Ukisema haifiki, mwezi wa tisa niko kitandani Dar. Hapa kila mtu yuko tayari kunidanganya kwa ajili ya afya yangu. Wewe niambie kweli. Wewe ndiye peke yako unayekijua Kifaransa, na wewe ndiye unayejua nilifanya nini na ile ya kwanza.

Usipitishie kwa Mohsin. Simu yake inasomwa na duka zima.

Kuhusu Kifaransa changu, tutaongea siku nyingine.

Mjomba wako,
Zuberi


Bujumbura,
13 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea barabarani, nimesimama ubavuni mwa lori, na Anold akalazimika kunitafutia maji na kiti. Sina la kujifanya. Nimelia. Halafu nimekasirika, tangu Ramadhani unajua na mimi unaniandikia habari za paka. Halafu nikaenda kwa Neema, tukaitazama filamu yote hadi yale majina ya mwisho.

Haifiki, mjomba. Haifiki hata nusu.

Nakuandikia nilichokiona. Nandonde amezeeka. Zile mbio zake za juu ya mapaa hazipo tena, akipanda ngazi mbili anakaa kuhema. Yule mwanamke wa treni hayupo hata kwenye picha ya ukutani. Mkuu wake wamembadilisha, wameweka kijana wa kupiga kelele tu. Vichekesho vingi ni vile vile vya kwanza vimepakwa rangi. Na kilichoniudhi kuliko vyote, wanampeleka Nandonde mlimani kwenye nyumba ya watawa ambako kuongea ni marufuku, basi karibu nusu ya filamu hakuna anayefungua mdomo. Dakika arobaini, nimezihesabu kwa saa. Watu wanakunywa supu na kuoneshana vidole. Hapo utatafsiri nini? Ungesimama na maiki yako kama nguzo ya umeme, na Saidi angekuwa wa kwanza kusonya. Neema alisinzia.

Usimharibie Nandonde jina. Aliondoka vizuri, mwache alivyoondoka. Umeapa, na mimi nimekujibu. Nenda Dar. Nenda kabla daktari hajabadilisha tarehe.

Ningekuja kukaa nawe hospitali, lakini pasi yangu iko uhamiaji kwa ajili ya kibali na hawajui wataitoa lini. Likizo ya Desemba nitaona. Mtandao huku mbaya sana siku hizi, ukipiga usione ajabu hunipati.

Kula vizuri kabla ya kwenda. Mwambie Mohsin akupikie yeye, usijipikie.

Mwanao,
Riziki


Dar es Salaam, hospitali,
18 Septemba 2024

Riziki mwanangu,

Naandikia kwenye goti, usinicheke mwandiko. Mohsin amekuja nami. Amefunga duka wiki nzima, kitu ambacho hakukifanya hata alipofiwa na baba yake. Analala kwenye kiti, ameshagombana na wauguzi wawili kwa sababu ya chapati, wa tatu ameamua kumpenda. Kesho asubuhi ndiyo siku yenyewe.

Ulisema haifiki, nimekubali. Niliwaambia watu kabla ya kuondoka kwamba Nandonde harudi. Walidhani natania. Saidi alikasirika kweli, akasema afadhali tusingemwambia kama ipo. Sikumjibu, natunza sauti, ingawa sijui tena naitunzia nini.

Nimejiuliza sana kama ningefanya vipi ungeniandikia kwamba ni nzuri. Nadhani ningesubiri. Nadhani ningesubiri na nisingejuta. Nakwambia hivyo ujue kwamba jibu lako ndilo limenileta hapa, siyo daktari wala Mohsin. Umeniokoa kwa kusema kweli.

Leo mchana baada ya adhuhuri nilikupigia kwa simu ya Mohsin. Mara nne. Iliita hadi ikakata. Sikuwa na la maana. Nilitaka nikusemee kile kipande cha uwanja wa ndege, pale Nandonde anapoukumbatia mkoba anasema hii salfa ni ya mama yangu. Uwe nacho masikioni, maana kesho hakipo. Bila shaka ulikuwa darasani, Jumatano ni siku ya kazi. Basi nikamsemea Mohsin, na mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu wa Lindi, akacheka mpaka akashika mshono wake. Ilitoka vizuri. Ilitoka vizuri sana, Riziki.

Niombee.

Mjomba wako,
Zuberi


Mikindani,
1 Desemba 2024

Riziki,

Marahaba. Barua zako mbili za kuniuliza hali nimezipata. Nimepona, ndivyo wanavyosema. Tundu liko hapa chini ya koo, nalifunika kwa kitambaa. Natembea na daftari limening'inia shingoni na kalamu kwenye uzi. Watu wananiongelesha kwa kupaza sauti kana kwamba nimekuwa kiziwi, na wengine wanachukua kalamu wananiandikia wao! Korosho imetoka vizuri mwaka huu. Harufu ya mabibo yanayooza chini ya mikorosho inatufikia mpaka huku mjini. Kuna jambo moja daktari hakuniambia, kwamba nikicheka hakuna kitakachosikika.

Jana mchana Mohsin alifunga mlango wa ghala, akaniweka kwenye kiti, akaiwasha filamu. Alisema, "Zuberi, sasa huna cha kuharibu. Itazame kama mtu mwingine yeyote." Nikakubali. Mara ya kwanza maishani mwangu naitazama filamu bila watu.

Nilikaa nikisubiri ubovu. Nikangoja. Nandonde kazeeka, kweli, lakini anajua kwamba kazeeka, na ndipo kichekesho kilipo. Halafu wakampeleka kwa watawa.

Riziki, dakika arobaini. Wamekaa mezani, supu mbele yao, paa limepasuka na linataka kuwaangukia, na Nandonde peke yake ndiye aliyeliona, na kuongea marufuku. Anaonesha juu, wanamwongezea supu. Anaonesha tena, wanamletea mkate. Anapanda mezani, wanadhani anasali, nao wanapanda. Mohsin alianguka na kiti. Mimi nilicheka hadi tundu likapiga mluzi.

Na midomo yote imefungwa! Miaka ishirini na mitano nimekimbizana na midomo ya watu. Mfaransa kafungua mdomo kidogo, mimi nina maneno kumi, nayabana. Mchina anaongea dakika nzima, mimi sina kitu, nakohoa. Na hii hapa filamu haina mdomo wa kukimbizana nao. Ningewasemea wote. Kile chumba ningekifanya mkutano mkuu wa chama cha msingi cha korosho, yule mzee wa ndevu ndiye mwenyekiti, paa ndilo lile la ghala wanaloahidi kuliezeka kila mwaka. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, nayaona, kila moja na mahali pake. Nikafungua mdomo. Pumzi ikatokea shingoni.

Uliniandikia kwamba hapo hakuna cha kutafsiri. Wewe, uliyekulia kwenye mkeka wa mbele. Ungekuwa mjinga ningesema hukuelewa. Wewe hukuwa mjinga hata ulipokuwa na miaka mitatu.

Watu wa kunidanganya nilikuwa nao wengi hapa hapa Mikindani. Kwako niliomba kitu kimoja.

Usiniandikie kwanza.

Zuberi


Bujumbura,
22 Desemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umesema nisiandike, nami naandika. Ukitaka ichane, lakini isome kwanza.

Ni nzuri. Ni nzuri kuliko ya kwanza. Tuliitazama mara mbili jioni ile, na Neema hakusinzia, alijimwagia chai mapajani kwenye ile ya supu. Mimi pale kwenye supu nilikuwa siioni tena filamu. Nilikuwa nakusikia wewe. Kila mtawa aliyefunga mdomo nilijua ungemsemea nini, nilisikia hata pale ambapo ungekohoa. Nilijua hakuna filamu iliyowahi kutengenezwa duniani kwa ajili yako kama ile.

Niliandika barua mbili. Ya kwanza ilisema inaifikia na kuipita. Niliikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika na jina lako. Halafu nikaitia kwenye jiko la mkaa la mama mwenye nyumba. Ya pili ndiyo uliyoipata.

Kumzika mama nilimzika, nikiwa na miaka kumi, na mtu aliyenishika mkono siku ile ni wewe. Kukuzika wewe kwa sababu ya filamu sikuweza, hata ingekuwa nzuri mara mia. Uliniachia mimi uamuzi kwa sababu uliamini sitauchezea, nikauchezea. Nimekunyang'anya Novemba yako. Nalijua hilo nikilala na nikiamka.

Na sijamaliza. Pasi yangu haikuwa uhamiaji. Ilikuwa kabatini siku zote. Sikuja Dar kwa sababu ungenitazama usoni mara moja tu ungejua, na ungevaa shati lako ukaondoka wodini.

Zile simu nne. Sikuwa darasani, mjomba. Nilikuwa nimekaa kitandani na simu mapajani, naliona jina la Mohsin linawaka na kuzimika. Nilijua ni wewe. Nilijua nikiisikia sauti yako nitasema kweli palepale, na ulikuwa bado na mchana mzima wa kukimbia. Nikaiacha iite. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne niliweka kidole juu ya kile kitufe cha kijani, nikakiondoa. Nilidhani unapiga kuaga tu. Sikujua ulitaka kunisemea. Mpaka barua yako ilipofika ndipo nilipojua kwamba sauti yako ya mwisho kaisikia mtu wa Lindi.

Kwa uongo sikuombi msamaha. Kesho ningeandika vile vile. Naomba msamaha kwa zile simu.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Riziki


Mikindani,
19 Januari 2025

Mpwa wangu Riziki,

Marahaba. Barua yako ilifika mwanzoni mwa mwezi, nikakaa nayo. Niliisoma mara moja tu, haikuhitaji mara ya pili. Mohsin aliniuliza umesema nini, nikamwandikia kwamba unamsalimia, akajua naficha lakini kwa mara moja katika maisha yake akanyamaza.

Nina hasira. Sitaki nikwambie imekwisha halafu uje uikute imekaa hapa sebuleni. Asubuhi naamka mzima, nakunywa uji, natembea hadi sokoni, najua uhai huu ni wewe umenipa, na nakasirika nao. Kisha adhuhuri inafika nasikia njaa kama watu wote. Ndivyo zinavyokwenda siku. Kwa zile simu, siwezi kukusamehe kwenye karatasi. Nataka uwe umekaa mbele yangu, tukae kimya wote wawili, nikutazame. Nikiweza, nitaweza. Njoo likizo ya mwezi wa nne.

Nikwambie lililotokea Jumapili iliyopita. Nilikuwa dukani kwa Mohsin, napanga viberiti. Wakaja watu wanane, Saidi mbele, watatu ni wa Msimbati. Wamesikia kwamba Fadhili wa Chuno, yule anayetafsiri filamu za Kikorea, anataka aje na mitambo yake amtoe Nandonde wa pili. Na wamesikia, sijui kwa nani, kwamba mimi nimeshaitazama. Wakasema hawatamlipia Fadhili kiingilio mpaka niwaambie mimi. "Mzee Zuberi, wewe Kifaransa unakijua, na hujawahi kutudanganya. Hii ya pili inaifikia ya kwanza?"

Mohsin aliacha kupima mchele. Yeye alitaka niandike kweli, nilimwona machoni, alitaka watu wajue ni kitu gani kimepotea. Nami nilitaka. Wallahi nilitaka. Lakini nikiandika kwamba inaipita, watauliza kwa nini sikuifanya nilipokuwa bado na sauti, na nitaandika nini hapo? Mji wote unajua kwamba niliyemuuliza ni wewe.

Nikafungua daftari. Kalamu ilikuwa imekauka, nikaisogeza kwenye tundu la shingoni nikaihemea, nikaandika kwa herufi kubwa: HAIFIKI. Chini yake nikaongeza kwamba nusu ya filamu watu wamenyamaza tu, wanakunywa supu.

Saidi aliwasomea kwa sauti wale wasiojua kusoma. Walisikitika. Mmoja wa Msimbati, mzee kunizidi, alisema basi hata Wafaransa wameishiwa. Wakanishika mkono mmoja baada ya mwingine, wakanunua chumvi na mafuta ya taa, wakaenda zao.

Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Wameniamini.

Mjomba wako,
Zuberi